Kwa nini Mombasa bado tunaulizana namba ya till badala ya kugusisha simu?

Swali: Nina duka la leso na madera Biashara Street, Mombasa. Wakala wa benki ameshanijia zaidi ya mara moja akinihimiza nichukue mashine ya kulipia kwa kugusa: mteja anasogeza kadi au simu, mashine inalia, basi. Binti yangu anafanya kazi Dubai na aniambia huko ndivyo watu wanavyolipa, mtu hatoi pochi. Hapa kwangu anayeniuliza habari hiyo ni mgeni mmoja mmoja anayetoka kuangalia Fort Jesus. Wenyeji wote ni "namba ya till ngapi?", ile namba ya duka ya kulipia kwa M-Pesa. Je, hii teknolojia imechelewa kutufikia, au watu hawaitaki? Na mimi nichukue mashine au niachane nayo?

Jibu: Dada yangu, wakala huyo hakudanganyi kuhusu mashine. Yafanya kazi, tena vizuri. Anapokosea ni kudhani kwamba kinachokusumbua dukani ni kasi ya malipo. Mteja wa leso anaweza kukaa nusu saa akifunua pea baada ya pea, akisoma majina, akiuliza kama rangi itachuja, kisha akupunguzie bei mara tatu. Mtu kama huyo ukimwokolea sekunde ishirini wakati wa kulipa, wala hatazihisi. Karibu sababu zote za malipo ya kugusa kwenda polepole zinaanzia hapo.

Kwanza nikueleze ndani ya simu kuna nini, maana uvumi ni mwingi. Simu zinazoweza kulipa kwa kugusa zina chipu ya NFC, redio ndogo inayotumia masafa ya megahezi 13.56 na inayosikika kwa umbali wa sentimita 4 hivi. Simu ikisogezwa kwenye mashine haitoi namba halisi ya kadi. Hutoa namba mbadala iliyofungwa kwenye simu hiyo, pamoja na msimbo unaotumika mara moja tu kisha ukafa. Mashine huipeleka taarifa kwa benki yako, ikapita Visa au Mastercard, ikafika benki ya mteja, na jibu likarudi kabla hujamaliza kukunja mfuko. Mwizi akizinasa namba hizo njiani hazimfai kitu. Ile hadithi ya jamaa anayepanda matatu na mashine kwenye begi akikamua simu za abiria isikuogopeshe, kwa sababu kwa kawaida simu haikubali kulipa dukani kabla mwenyewe hajaifungua kwa kidole, uso au namba ya siri. Kadi ya plastiki ni legelege kidogo, kwani kiasi kidogo hupita bila PIN. Lakini hatari hiyo ni ya mwenye kadi na benki yake.

Kwa hiyo usalama sio uliochelewesha mambo. Wala si kweli kwamba sisi ndio tulioachwa nyuma na dunia nzima ikatangulia. Nokia, Philips na Sony waliunda jukwaa la NFC mwaka 2004. Mwaka huohuo Wajapani walikuwa wameshaanza kulipa kwa simu za NTT DoCoMo zenye chipu ya FeliCa. Marekani, kwenye pesa na simu zote hizo, walisuasua miaka mingi. Google walitoa Wallet yao mwaka 2011, ikafanya kazi kwenye simu moja ya mtandao mmoja, na mitandao mikubwa mingine ikaikatalia kwa sababu yenyewe ilikuwa inajenga ya kwao. Hiyo ya kwao iliitwa Isis. Mwaka 2014 ikabidi waibadilishe jina kuwa Softcard, maana jina la kwanza lilikuwa limeshachukuliwa na wapiganaji wa Syria na Iraq, na mwaka uliofuata Google wakainunua teknolojia yake. Apple Pay, malipo ya kugusa ya simu za iPhone, ilipoanza Oktoba 2014, baadhi ya maduka makubwa ya dawa yalizima NFC kwenye mashine zao makusudi. Yalikuwa kwenye kundi la wafanyabiashara waliotaka kuleta mfumo wao wa QR, ile michoro ya miraba inayosomwa kwa kamera ya simu, uitwao CurrentC, ili waepuke makato ya kadi. Mwaka 2016 CurrentC ikafa hata kabla ya kuenea nchi nzima.

Katika ugomvi wote huo mteja hayumo. Ni benki, kampuni za simu, watengeneza simu na wenye maduka, kila mmoja akiuliza nani atakata na atakata ngapi. Simu zilikuwa tayari. Mashine za dukani hazikuwa tayari, na mwenye duka hakuwa na sababu ya kununua nyingine wakati ile ya kukwaruza kadi bado yampa pesa. Kilichomsukuma hasa ni kanuni ya Oktoba 2015 iliyomtwika mwenye mashine ya kizamani hasara ya kadi bandia. Alibadilisha mashine kwa kuogopa hasara, na mashine mpya nyingi zikaja na NFC ndani yake.

Palipoenda haraka ni pale penye geti na foleni, na mmoja tu mwenye kuamua. Hong Kong walianza na kadi ya Octopus mwaka 1997 kwenye treni na mabasi. Tokyo wana Suica tangu 2001. London walikuwa na Oyster kuanzia 2003, mabasi yao yakaanza kupokea kadi za benki za kugusa mwishoni mwa 2012, na treni za chini ya ardhi zikafuata Septemba 2014. Asubuhi penye watu elfu mbili mlangoni, sekunde moja ya kila mtu ni kitu kikubwa. Na shirika la usafiri likisema kuanzia Jumatatu mtagusa, watu watagusa. Wakishazoea getini, wanaupeleka mkono uleule hadi kwa muuza kahawa.

Sasa tutafute geti kama hilo Mombasa. Kivuko cha Likoni kingefaa kabisa: maelfu kwa maelfu ya watu kila asubuhi, mlango mmoja, mwenyewe mmoja. Ila anayetembea kwa miguu Likoni havushwi kwa nauli, anavuka bure. Wanaolipa ni magari. Pale penye foleni ya kweli hapana cha kugusia! Inabaki matatu na tuktuk, na huko yalishajaribiwa.

Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta Nairobi kadi ya BebaPay. Abiria anaigusisha kwenye simu ya kondakta, nauli inakatwa. Mwaka 2014 serikali ikatangaza kwamba matatu zote ziache kupokea nauli taslimu, zikatokea kadi chungu nzima za kampuni tofauti, za huyu hazisomeki kwa yule. Mwaka 2015 BebaPay ikafungwa, na agizo la serikali likafifia lenyewe. Wengi walisema abiria hawakuwa tayari. Mimi naona abiria walisingiziwa. Ukitaka kujua kilichotokea kaa kiti cha mbele cha matatu ya Kongowea jioni ukiangalia pesa inavyotembea. Dereva na makanga wana hesabu ya kumpelekea mwenye gari kila siku, kiasi maalum, kunyeshe kusinyeshe. Wakishaitimiza, na mafuta yakishajazwa, kinachobaki ni chao. Pesa hiyo ndiyo mshahara wao, ndiyo chai, ndiyo kiasi anachoachiwa kijana anayeita abiria Mwembe Tayari. Nauli yenyewe haikai mahali pamoja: mvua ikipiga inapanda, mchana gari likiwa tupu inashuka. Kadi ilitaka nauli yote iingie kwenye akaunti ya mwenye gari, jioni wafanyakazi wasubiri wagawiwe. Ungekuwa wewe ndiye makanga ungemkumbusha abiria kugusa kadi? Ungemwambia mashine imeharibika. Leo abiria wengi wanamtumia nauli makanga moja kwa moja kwa simu, na makanga hana ugomvi, kwani pesa imemfikia yeye.

Safaricom nao walijaribu kugusa. Mwaka 2017 walianza Nakuru na huduma ya M-Pesa 1 Tap, mteja akipewa kadi au stika ya kubandika nyuma ya simu. Haikuenea nchi nzima.

Sasa turudi kwako dukani, maana hapa ndipo penye jibu lenyewe. M-Pesa ilianza Machi 2007 kama njia ya kumtumia mtu pesa nyumbani. Lipa na M-Pesa, yaani till unayotumia, ilikuja mwaka 2013, na tangu Aprili 2022 mteja wa Airtel au Telkom naye anaweza kulipa kwenye till ya Safaricom. Kwa mtazamo wa mhandisi mfumo huu ni mzito: fungua menyu, chagua Lipa na M-Pesa, chagua Buy Goods, andika namba, andika kiasi, andika PIN, soma jina, kubali. Anayetoka Dubai anaona kama mateso. Lakini tazama kinachokuja mwishoni mwa hatua zote hizo: ujumbe.

Fikiria mkesha wa Idd. Duka limejaa, wewe uko nyumbani Kisauni unapika, msichana wako yuko kwenye kaunta na simu ya till unayo wewe mkononi. Mteja amelipa pea moja, 800. Msichana anapiga: "Mama, imeingia?" Unaangalia, jina la mteja limo, kiasi kimo, saa imo. "Imeingia, mpe mzigo." Kwa ujumbe huo mmoja umepokea malipo, umemkagua msichana na umekagua mauzo, bila kutoka jikoni. Ukitaka kesho asubuhi unaamka na pesa ileile kumlipa muuza jumla. Mashine ya kugusa yalia mlio, yatoa karatasi, na karatasi yabaki dukani. Wewe utaiona jumla kwenye akaunti siku ya kazi inayofuata. Mauzo ya Jumamosi kwa kawaida yatakufikia Jumatatu au Jumanne. Msambazaji wako wa mzigo hataki kusikia habari ya siku ya kazi inayofuata.

Na kuna jambo ambalo mawakala hawalitaji kabisa. Kugusa kunamtaka mteja awe mbele yako, sentimita 4. Till haimtaki awepo. Mteja wako wa Lamu anaona picha ya leso mpya kwenye WhatsApp, analipa, wewe unaupakia mzigo kwenye basi. Mwingine wa Likoni ameweka nusu, nusu anamalizia mwisho wa mwezi akiwa kitandani kwake. Sijui duka la leso Mombasa linaloishi kwa wateja wanaoingia mlangoni peke yao. Kwa biashara ya namna hii till ndiyo teknolojia ya mbele, hata kama inafunguliwa kwa kabambe, ile simu ndogo ya vitufe.

Hiyo kabambe nayo isisahaulike. Menyu ya M-Pesa imo ndani ya laini, kwa hiyo mulika mwizi na simu ya laki moja unusu zinalipa sawa, bila bando. Kulipa kwa kugusa kunataka simu yenye NFC, na simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Moi Avenue hazina. Ukimuuliza muuzaji atakuambia kuhusu kamera na betri. NFC hakuna anayeiulizia, na watengenezaji wanaiondoa ili wapunguze bei. Juu ya simu mteja awe na kadi ya benki, na benki hiyo iwe imekubali kadi yake iwekwe ndani ya simu. Kila sharti linapunguza watu, na ukifika mwisho umebakiwa na wachache wa Nyali ambao tayari wana till yako kichwani. Hata QR imekwama papo hapo. Benki Kuu ilitoa kiwango kimoja cha QR cha taifa Mei 2023, karatasi yake haigharimu kitu, na bado watu wanaiangalia iliyobandikwa ukutani halafu wanasoma namba iliyo chini yake. Kamera inataka simu janja na programu yenye bando. Tarakimu chache za till hazitaki chochote.

Tuje kwenye pesa. Mteja akikulipa kwa till yeye hakatwi. Wewe unakatwa takriban nusu asilimia, na malipo madogo yasiyozidi shilingi 200 hayakatwi. Kwa pea ya shilingi 800 ni shilingi 4 hivi. Malipo ya kadi, iwe ni ya kugusa au ya kuchomeka, mara nyingi benki hukata asilimia 2 hadi 3. Tuchukue 2.5: shilingi 20 kwa pea ileile. Kama faida yako kwenye pea hiyo ni shilingi 100, umempa benki sehemu ya tano ya faida. Ongeza kodi ya mashine ya kila mwezi kama benki yako inatoza. Juzijuzi nilimsikia mfanyabiashara akisema anakwepa mashine kwa sababu ya KRA, watoza kodi. Huyo anajidanganya, till nayo inaacha kumbukumbu vilevile.

Basi nikuambie uikatae? Hapana. Wale wageni wa Fort Jesus wana thamani kuliko unavyodhani. Mgeni mwenye Apple Pay ya kadi ya benki ya kwao hahitaji benki ya Kenya ikubaliane na Apple. Mashine yoyote inayopokea Visa au Mastercard ya kugusa itaipokea simu yake kama kadi ya kawaida. Mtalii huyo hana laini ya Safaricom, au anayo lakini hajasajili M-Pesa, na taslimu alizobadilisha zimebaki chache. Leo anachukua leso moja kwa sababu ana noti ya elfu moja mfukoni. Akiweza kugusa atachukua nne, na kikoi cha mumewe, na hatakupunguzia bei mara tatu. Kwa mauzo ya namna hiyo asilimia 2.5 ni halali yake benki. Tena siku mfumo wa M-Pesa ukigoma, na unajua jinsi mji unavyosimama mfumo huo ukigoma, mwenye njia ya pili anauza wakati jirani anasema "subiri kidogo, mtandao utarudi."

Ningekuwa na duka mtaa ambao wateja wote ni wenyeji, nisingeichukua. Ningekuwa na hoteli Nyali ningekuwa nayo zamani. Biashara Street, dakika chache kutoka Mji wa Kale, uko katikati, na wewe unayejua idadi ya wageni wanaoingia ndiye mwenye neno la mwisho. Kwa hali uliyonieleza ningejaribu msimu mmoja. Kabla ya kununua au kukodi mashine, muulize wakala kama benki yake ina programu ya kuigeuza simu ya Android yenye NFC kuwa mashine. Kwa duka lenye wageni wachache hiyo inatosha, na haina karatasi za kununua.

Mambo mengine mtake ayaandike, usikubali ya mdomo. Makato ni asilimia ngapi kwa kadi ya hapa na ngapi kwa kadi ya nje, maana mara nyingi si sawa, na ya nje ndiyo itakayokuhusu. Pesa inaingia lini, na Jumamosi je. Kodi ya mashine inaanza kukatwa mwezi ambao hujauza chochote? Mkataba unavunjwa vipi, na kuna faini? Kisha muulize kuhusu mteja anayerudi kwao akaiambia benki yake hakupata mzigo aliolipia, au alipata mbovu. Mwenye kadi kwa kawaida ana hadi siku 120 za kulalamika, na benki ikimkubalia, pesa inatolewa kwenye akaunti yako. Till haina mazoea ya namna hiyo, na wafanyabiashara wengi hugundua jambo hili siku pesa inapoondoka. Kwa hiyo tunza risiti, na kwa mauzo makubwa andika alichochukua.

Msichana wa kaunta mfundishe jambo moja: asitoe mzigo kwa kusikia mlio. Asubiri kioo cha mashine kionyeshe kwamba malipo yamekubaliwa, maana mashine hulia pia inapokataa. Na uombe benki ikuwashie ujumbe wa simu kwa kila malipo kama huduma hiyo ipo, ili ukiwa Kisauni usipoteze macho yako dukani.

Anza nayo Desemba, wageni wanapokuwa wengi, uende nayo hadi Machi. Mvua za masika zikianza na hoteli zikipunguza watu, kaa chini na taarifa ya benki. Jumlisha faida ya mauzo yaliyopitia kwenye mashine, toa makato na kodi yake, na uwatoe pia wenyeji waliolipa kwa kadi ilhali wangelipa kwa till. Ukibaki na kitu cha maana, iache hapo mwaka mzima. Usipobaki na kitu, mpigie wakala aje aichukue kabla hajakukata mwezi wa Aprili.